Hii Haimo Kwenye Filamu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeposti! Sura ya kwanza. Saa sita na robo mchana, nimejifungia chooni kazini — nikabonyeza. Basi. Imekwenda.

Daktari akagonga mlango kuuliza kama tumbo linanisumbua. Nikasema kidogo. Daktari ninayemfanyia kazi ni wa macho, tumbo halimhusu. Akaniacha.

Mimi! Mkata lenzi, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mwenye akili zangu timamu, nimeandika hadithi juu ya watu wa kwenye Filamu na kuimwaga mbele ya wageni elfu tatu. Naiita Filamu tu, kwa herufi kubwa, maana kwangu ipo moja. Ya zamani, rangi zimechujuka. Msichana mwendesha lifti wa hoteli kubwa, glavu nyeupe. Mgeni anaingia na sanduku tupu. Amekuja kuuchukua mkufu wa mama yake uliodhulumiwa na mwenye hoteli. Polisi wanaitwa. Msichana anamficha ndani ya lifti, anaisimamisha kati ya ghorofa ya nne na ya tano, polisi wanapanda ngazi na kushuka kama siafu. Kesho yake mgeni anaondoka kwa treni. Msichana yuko stesheni na glavu zake. Hasemi neno. Treni inakwenda. Anarudi kazini. "Ghorofa ya ngapi?" Mwisho.

Nililia nilipoitazama mara ya kwanza, nikiwa na miaka kumi na tisa. Nalia mpaka leo.

Jukwaa letu la mashabiki kwenye intaneti (tuko wengi wenye kichaa hiki) linatoa kitabu: hadithi kumi na mbili, kwa ajili ya miaka arobaini ya Filamu. Mwisho wa kupokea ni tarehe 31. Sharti ni moja tu: hadithi isimame kwa miguu yake hata mbele ya mtu ambaye hajaiona Filamu.

Yangu kusimama? Yangu itakimbia!

Jumanne, 4 Machi

Waliosoma: sitini na mmoja. Komenti: mbili. Moja ni ua. Ya pili ni nukta tatu. Nukta tatu maana yake nini? Kapendezwa? Kasinzia?

Nimekata lenzi ya kulia kwa vipimo vya kushoto. Imeharibika. Daktari kaniangalia juu ya miwani yake. Sijali.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwisha.

Msimamizi kaisoma. Msimamizi ndiye mwenye jukwaa. Hana jina, hana picha. Ana mstari mmoja tu chini ya kila anachoandika: "Nimeitazama mara mia mbili na kumi na moja." Majivuno gani haya! Sisi wengine tunaitazama kwa moyo, yeye kwa daftari la mahudhurio.

Kaandika hivi, mbele ya kadamnasi: "Lugha yako nzuri. Lakini hii nimeshaitazama. Hoteli umeifanya hospitali, mkufu umeufanya pete, sanduku umelifanya begi. Mbuzi ukimchora mistari hawi punda milia."

Watu arobaini wameweka vicheko. Arobaini! Mmoja kaweka picha ya mbuzi.

Nimerudi nyumbani nimenuna. Shangazi kaniuliza nani kafa. Nikasema hakuna. Akasema basi usoni nitoe msiba, wageni wasije wakaanza kuleta rambirambi.

(Naishi na Shangazi, dada wa baba yangu, tangu nina miaka minane. Mjane. Marehemu mumewe alikuwa mtu mwema aliyekoroma mpaka majirani wakamzoea. Shangazi ana miaka sitini na mmoja na haamini kwamba macho yake yamechoka. Anasema herufi ndizo zimepungua siku hizi.)

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbili nimemtukana Msimamizi kimoyomoyo. Leo, saa ya mapumziko, nimefanya kitu cha kijinga — au cha busara. Nimeweka Filamu kwenye kompyuta ya kazini na sura yangu kwenye simu, nikalinganisha. Tukio kwa tukio, mpaka pale sura yangu inapoishia, kabla ya stesheni.

Lo!

Kila kitu nimechukua. Kila kitu! Hata mlango unaolia. Hata yule mzee anayepiga chafya kwenye lifti — kwangu anapiga mwayo. Nikajiona mbunifu, eti mwayo! Hata pale msichana anapovua glavu moja kabla ya kusema, wangu anavua soksi. Soksi! Nani anavua soksi hospitalini katikati ya mazungumzo?

Nimecheka mpaka machozi. Mteja aliyekuwa anasubiri kupimwa kaanza kucheka naye, hajui anacheka nini.

Shangazi ana msemo wake: ukiiga kunya kwa tembo utapasuka msamba. Nimepasuka, jamani, na watu wameona.

Nimemwandikia Msimamizi faraghani. Nimekubali. Nikamuuliza: sasa mtu anafanyaje? Hadithi ni ya wenyewe, watu ni wa wenyewe, mimi nabaki na nini?

Jumamosi, 8 Machi

Kajibu! Mapema asubuhi, nikiwa bado napiga mswaki. Nanakili yote hapa nisiyapoteze:

"Funga Filamu. Usiitazame tena mpaka umalize. Andika unachokikumbuka. Ulichokisahau hakikuwa chako tangu mwanzo. Halafu jiulize: ndani yake ni nini kilichokuudhi? Si ulichokipenda. Kilichokuudhi. Hapo ndipo ilipo hadithi yako."

Nimesimama na povu mdomoni nikisoma mara tatu.

Kilichoniudhi! Sikuwahi kufikiri kwamba kuna kitu kwenye Filamu kinaniudhi. Halafu nikiwa kazini, nasaga ukingo wa lenzi ya mwalimu mmoja mstaafu, mashine inalia zzzz, kikanijia kama kofi. Ule ukimya! Stesheni! Dada, mtu amekuja na sanduku tupu, umemwokoa na polisi, roho yako inatoka pale kwenye jukwaa la stesheni — na hufungui mdomo? Unasimama tu na vijiglavu vyako?

Nilisema kwa sauti: "Sema kitu, we!"

Mwalimu mstaafu akasema amekwisha kusema: fremu iwe ileile, ameizoea, lenzi tu ndizo mpya. Fremu ileile, lenzi mpya! Nikaiandika haraka kwenye karatasi, nikajiona mwanafalsafa. Daktari akasema hiyo ni karatasi ya oda na nimeandika juu ya vipimo vya mtu.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi kaenda kumtazama mgonjwa mtaa wa pili. Nyumba yangu peke yangu. Nimeandika tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, na shuka nimejifunga kifuani, sijaoga, sijala — kurasa kumi na nne!

Hospitali nimeitupa. Hoteli imerudi, iwe hoteli. Kwa nini nijifiche? Kila mtu anajua nimeitoa wapi. Lakini safari hii mambo yanaanza pale Filamu inapoishia. Asubuhi ya treni. Msichana yuko kwenye lifti, na aliyeingia ni nani? Mwenye hoteli mwenyewe, na shati lake la hariri. "Ghorofa ya saba." Msichana anabonyeza. Kati ya nne na tano — anaisimamisha! Anapenya kwenye tundu la juu, anatoka, anamwacha humo na hariri yake! Tajiri anapiga makelele kama jogoo kwenye tenga!

Msichana anakimbia stesheni. Kavaa kwa pupa, mguu mmoja kiatu cheusi, mwingine cha kahawia. Mgeni yuko dirishani kwenye treni, kitu cha kwanza anachokiona ni vile viatu, anacheka, anacheka mpaka machozi. Na msichana anamwambia kitu. Anasema! Lakini honi inapiga. Hasikii. Treni inaondoka.

Hapo nimekwama. Alisema nini? Sijui. Nikaacha mstari mtupu.

Yale ya viatu na honi ni ya Filamu, najua, nimeyaacha makusudi. Si alisema niandike ninachokikumbuka? Yale nayakumbuka kuliko jina langu.

Shangazi kanikuta na shuka saa nane mchana. Kauliza kama naumwa. Nikambusu. Akanipapasa shingo kuangalia kama nina homa.

Jumanne, 11 Machi

Nimeiposti. Mlango wa choo kazini sasa unanijua.

Jumatano, 12 Machi

MIA NANE! Wamesoma watu mia nane! Komenti siwezi kuzihesabu. Mwenye hoteli ndani ya lifti — watu wamepagawa. Mmoja kasema kacheka kwenye foleni ya benki mpaka mlinzi kamwendea. Mwingine: "ALISEMA NINI??" Na mwingine. Na mwingine. Kumbe mstari wangu mtupu wanadhani ni ufundi! Na mimi nimenyamaza kama fundi kweli.

Na yule anayejiita Binti Popo, ambaye hapendi kitu chochote duniani, kaandika: "Viatu viwili tofauti! Honi! Hii haimo kwenye Filamu. Hii ni ya mwandishi mwenyewe. Namvulia kofia."

Nikamjibu kwa upole kwamba imo, dada, itazame vizuri, pale stesheni. Akasema haimo. Nikasema imo. Akasema tuwekeane dau, atakayeshindwa abadilishe jina lake aitwe Mbuzi wa Mistari kwa mwezi mzima. Nikakubali! Nitamwonyesha!

Msimamizi kimya.

Ijumaa, 14 Machi

Msimamizi bado kimya. Huwa anajibu kila sura ya kila mtu, hata ya yule mtoto wa shule anayeandika mistari miwili. Yangu kaipita. Jina lake linaonyesha yumo, mchana kutwa. Yumo na hasemi.

Nimemuudhi? Nimevuka mpaka? Binti Popo anasema labda analia. Nimecheka. Mtu wa mara mia mbili na kumi na moja analia nini tena?

Jumamosi, 15 Machi

Nimevunja mwiko, nimeitazama Filamu. Kwa ajili ya dau.

Haimo.

Nimeitazama stesheni mara sita. Msichana kasimama, viatu vyote vyeupe. VYEUPE. Mdomo kaufunga. Honi haipigi. Hakuna anayecheka.

Sasa mimi nilimwona nani?

Nimekaa kitandani na simu mapajani. Mtu anaweza kukumbuka kitu ambacho hakikuwepo? Nakumbuka kabisa — kiatu cheusi, kiatu cha kahawia, anashuka ngazi mbili mbili. Nakumbuka na maumivu ya kichwa pia. Kwa nini kichwa kiniume?

Kwa sababu nilikuwa nasukwa!

Nilikuwa na miaka tisa! Televisheni ilikuwa imekufa, na Shangazi ananisuka, Jumapili tatu mfululizo, nimebanwa katikati ya magoti yake, na ili nisilie akawa ananisimulia Filamu. Ujanani alikuwa mkata tiketi kwenye sinema moja, alikuwa anaijua yote. Nimeisikia kwa Shangazi miaka kumi kabla ya kuiona! Nilipokuja kuitazama nikaongeza mwenyewe yale yaliyokosekana, kama mtu anayesoma neno lililofutika.

Kwa hiyo Shangazi aliibuni! Shangazi ndiye mtunzi kati yetu! Nimeruka juu ya kitanda. Ubao mmoja umelia — kah! — nikashuka.

Nimebadilisha jina. Naitwa Mbuzi wa Mistari. Sijali hata kidogo.

Jumapili, 16 Machi

Sijui nianzie wapi.

Shangazi alikuwa anapiga pasi mashuka. Nikajipitisha. Nikamuuliza, kama mtu asiye na habari: eti yule msichana wa lifti, siku ile ya stesheni, alivaa viatu gani?

Hata hakuinua macho. "Kimoja cheusi, kimoja cha kahawia."

"Haimo kwenye Filamu, Shangazi."

Pasi ikasimama. Ikasimama mpaka nikasikia harufu ya shuka linaungua. Akaiinua. Akaliangalia lile doa la hudhurungi kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyelitia.

"Basi nilikosea," akasema.

Na mimi, badala ya kunyamaza kama mtu mwenye adabu, pupa imenipanda kichwani, nikasema: "Vilikuwa vyako!"

Halafu — akacheka! Shangazi yangu, mjane wa mtu mwema, kaketi kwenye kiti cha jikoni akacheka kwa mabega, mkono mdomoni. Na akasema. Kidogo kidogo, huku anakunja mashuka, hata lile lililoungua.

Alikuwepo kijana mwendesha projekta. Juu kwenye kile kichumba chenye joto. Yeye chini dirishani anakata tiketi, watu wakiisha kuingia anapanda ngazi, wanaitazama Filamu wote wawili kwenye kitundu kimoja, shavu kwa shavu. Kila siku, miezi saba. Halafu kijana akapata kazi mji wa mbali, sinema mpya, projekta mbili! Asubuhi ya safari Shangazi akachelewa kuamka, akavaa gizani, akakimbia. Kijana akaona viatu, akacheka. Shangazi akamwambia kitu. Honi ikapiga.

"Hakuandika?"

"Aliandika. Barua tatu. Zote anauliza kitu kimoja: ulisema nini, ulisema nini. Sikujibu."

"Kwa nini, Shangazi?"

"Mtu unakusanya moyo wako wote unausema mara moja. Halafu unaambiwa rudia? Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa na kiburi cha watu watatu."

Basi nikalazimika kusema langu. Kwamba nimeviandika vile viatu. Kwamba watu mia tisa wameshavisoma. Kwamba nilidhani naiba kwenye Filamu, kumbe nimeiba kwake.

Nilidhani atanirushia pasi. Akauliza: "Umeandika kwamba nililia?"

"Sikuandika kama ulilia."

"Vizuri. Sikulia. Nililia nyumbani."

Jumatatu, 17 Machi

Usiku nimelala kama jiwe, asubuhi nikaamka na swali. Nilipokopi Filamu nilichekwa. Nimekopi maisha ya mtu, nasifiwa. Kipi kibaya zaidi? Wa Filamu angalau walikubali kutazamwa.

Nimemwambia Shangazi wakati wa chai kwamba nitaifuta. Kitabu basi, nitapata kingine. Kaweka kikombe chini.

"Usifute. Viatu nakupa. Honi nakupa, wala haikuwa yangu. Yule tajiri uliyemfungia kwenye lifti namtaka abaki humo humo. Lakini nilichokisema pale stesheni hapana. Hicho si cha kitabu."

"Lakini wote wanauliza alisema nini!"

"Msichana wa lifti ndiye anayeulizwa, si mimi. Mimi sijawahi kuendesha lifti. Wewe ndiye mwandishi. Tunga."

Tunga! Hivi hivi tu! Kama mtu anayekwambia pika.

Lakini ni kweli. Ni kweli kabisa! Filamu haina jibu, Shangazi hatoi jibu. Ule mstari mtupu ndio mahali pekee kwenye hadithi nzima ambapo hakuna mtu wa kumwibia. Nimeogopa. Nimefurahi pia. Siku nzima kazini natembea kama nimekanyaga magodoro.

Na jambo jingine: anataka kuisoma mwenyewe. Hataki nimsomee. "Utaruka mengine." Kwa hiyo — eh, niandike kwa wino mwekundu — Shangazi kakubali kupimwa macho!

Jumatano, 19 Machi

Daktari kampima Shangazi. Kasoma ubao wa herufi mpaka mstari wa tatu, wa nne akasema umeandikwa vibaya. Daktari kajikaza asicheke. Fremu kachagua mwenyewe, nyekundu! Nilimwonyesha za heshima, za kahawia, za wazee. Kasema yeye si kabati.

Lenzi nitazikata mwenyewe.

Alisema nini? Alisema nini? Mpaka sasa nimeandika na kufuta: "Nakupenda" (hapana), "Nisubiri" (hapana!), "Umesahau sanduku lako" (nusura), "Mwenye hoteli yuko kwenye lifti" (nimecheka peke yangu dakika tano).

Alhamisi, 20 Machi

Jamani.

Jamani jamani jamani.

Saa tano asubuhi. Lenzi ya kushoto ya Shangazi iko kwenye mashine. Simu inatetemeka. Msimamizi. Siku tisa kimya, na leo kaandika chini ya sura yangu, mbele ya watu wote:

"Kiatu cha kahawia kilikuwa cha kushoto. Alisema kitu, honi ikapiga, sikusikia. Mwandishi, haya umeyapata wapi?"

Nilipiga ukelele. Daktari katoka chumba cha vipimo mbio, mgonjwa nyuma yake na kile chuma cha kupimia bado kipo puani. Nikasema nimejikata. Wakauliza wapi. Nikatafuta kidole cha kuwaonyesha.

Sikuandika kushoto! Nimerudi kusoma sura yote. Hakuna kushoto, hakuna kulia!

Mia mbili na kumi na moja. Si majivuno! Nani anaitazama filamu mara mia mbili na kumi na moja? Mtu ambaye ni kazi yake, mwendesha projekta. Miezi saba, kila siku, shavu kwa shavu.

Na mimi nilimwita mtu wa daftari la mahudhurio!

Binti Popo kamjibu: "Msimamizi, una maana gani, hukusikia WEWE?" Hajamjibu. Jukwaa zima linachemka. Na mimi, Mbuzi wa Mistari, nimekaa juu ya stuli yangu na siri mdomoni kama mtu aliyemeza kaa la moto.

Ijumaa, 21 Machi

Kaniandikia faraghani. Maneno matano: "Tafadhali. Wewe ni nani kwake?"

Sijajibu. Si langu kujibu. Nimetunga majibu kumi na moja na kuyafuta yote. Hata kusema "ni Shangazi yangu" ni kutoa kitu ambacho sijapewa. Viatu alinipa, hili hakunipa.

Lakini kumficha nako? Nimekaa naye mezani jioni, anakula, anazungumza habari ya jirani na bomba lake, na mimi nafumba mdomo mpaka taya zinauma. Kaniuliza kama jino. Nikasema jino.

Halafu — nikiwa naosha sahani, mikono imejaa sabuni — likaja. Si la Shangazi. La msichana wa lifti. Alichokisema!

"Shuka!"

Basi. Neno moja. Miaka mitatu anawaambia wageni: ghorofa ya pili, shuka, ghorofa ya sita, shuka. Mara elfu na elfu. Kwa mara ya kwanza analisema kwa sababu ANATAKA mtu ashuke. Na honi inapiga. Na hasikii. Lakini msomaji kasikia!

Nimelia juu ya sahani. Nimecheka. Haimo kwenye Filamu, haimo kwa Shangazi, haimo popote! Nimeitoa kwenye povu!

Nimeiandika kabla haijapoa. Sura imekamilika. Siku kumi kabla ya mwisho wa kupokea!

Jumamosi, 22 Machi

Naandika haya jikoni. Yeye yuko sebuleni. Mlango nimeuacha wazi upana wa vidole viwili.

Mchana nimemletea miwani. Imemkaa! Kajitazama kwenye kioo, kasema kumbe ana mikunjo, kasema angejua asingepimwa. Halafu kanyoosha mkono: "Haya. Lete."

Nimeipanga akilini tangu asubuhi. Sisemi, sifichi. Mimi ni mkata lenzi, nimempa macho. Kusoma asome mwenyewe. Nikamfungulia sura kwenye simu yangu. Nikamwonyesha jinsi ya kusukuma kwa kidole. Na nikamwambia: chini ya hadithi, Shangazi, kuna maneno ya wasomaji. Ukitaka.

Kasoma polepole. Kwenye lifti kacheka kwa sauti, kapiga goti. Kwenye viatu kasoma mara mbili. Kwenye "Shuka!" kaguna, hm, kanitazama juu ya fremu nyekundu: "Si nilichokisema."

"Najua."

"Lakini ni kizuri."

Nilitaka kuruka. Nikajishika kwenye kiti.

Akasukuma kwa kidole. Maua, vicheko, Binti Popo. Akasukuma. Kidole kikasimama.

Kavua miwani. Kaifuta kwa kanga. Kaivaa tena.

"Nani huyu?"

"Msimamizi. Mwenye jukwaa."

"Sikukuuliza cheo. Nani?"

"Soma mstari wake wa chini, Shangazi."

Kausoma kwa midomo. Mia mbili na kumi na moja. Nilimwona anahesabu. Nikadhani atazimia, nimejiandaa na maji.

"Mwongo," akasema. "Mia mbili na kumi. Moja alisinzia, mkanda niliubadilisha mimi."

Kauliza kama mtu akiandika humu kila mmoja anasoma. Nikasema kuna njia ya faraghani, nikamfungulia. Nikamwonyesha yale maneno matano. Kayasoma. Kauliza kwa sauti ndogo, si ya kwake, kama ana watu, mke na watoto. Nikasema sijui, Shangazi, hajasema. Akasema: "Ondoka hapa. Nenda kapike kitu."

Sipiki chochote. Nusu saa sasa. Namsikia anagonga kioo cha simu kwa ukucha, kama kuku anayedonoa punje moja moja. Anafuta — namjua anapofuta, anatoa pumzi. Anaanza tena. Mara moja kacheka. Mara moja kasema, "Shenzi wewe," kwa upole ambao sijawahi kuusikia.

Sasa ananiita.

"Mwanangu!"

"Abee, Shangazi!"

"Herufi kubwa inapatikana wapi?"

"Ya kuanzia sentensi?"

"Hapana. Ya jina la mtu."

Nimekwenda, nimemwonyesha, macho nimeyaelekeza dirishani. Kanigeuzia mgongo na simu yangu. Bado anaandika.